Kwa nini mwalimu huziacha mbinu za chuo na kufundisha kama alivyofundishwa

Tangu walimu waanze kupitishwa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira kabla ya kuajiriwa serikalini, mabishano hayaishi. Upande mmoja wapo wahitimu, wengine wako mtaani tangu 2015, wanaouliza: mtu ana shahada ya ualimu, amefanya BTP, yaani mazoezi ya kufundisha kwa vitendo shuleni, amefaulu mitihani yote, anasailiwa nini tena? Upande wa pili wapo wazazi ambao mtoto wao yuko darasa la nne na hajui kutoa kwa kukopa. Hao nao wanauliza vyuo vinatutolea walimu gani. Wote wana hoja. Tatizo ni kwamba wote wanasema "kujua kufundisha", na maneno hayo yana maana tatu.

Maana ya kwanza ni kulijua somo lenyewe: mwalimu wa hisabati aijue hisabati. Ya pili ni ujuzi wa jumla wa ualimu, yaani kuandaa azimio la kazi na andalio la somo, kutunga mtihani, kusimamia darasa na kuelewa mtoto anavyokua. Ya tatu ndiyo inayosahaulika: kujua kuifundisha mada ile hasa kwa mtoto wa umri ule. Mwanafunzi atakwama wapi? Atakuwa amewaza nini? Mfano upi utamkwamua? Mwaka 1986 Lee Shulman, mtaalamu wa elimu wa Marekani, aliuita huu ujuzi wa aina yake ambao haupatikani kwa kuweka pamoja ile miwili ya kwanza.

Fikiria unavyomwelekeza mgeni kwa simu. Nyumbani kwako unafika kila siku bila kufikiri, hata usiku umeme ukiwa umekatika. Mgeni akikupigia kutoka stendi, kujua kwako njia hakumsaidii. Inabidi ujue yeye atapotelea wapi: kwamba kuna vichochoro viwili vinavyofanana, kwamba lile duka la kona limepakwa rangi upya, kwamba akiona msikiti ujue ameshapitiliza. Wengi wetu tunajua kwenda, wachache wanajua kuelekeza, na wanaojua kuelekeza ni wale ambao wageni wao wamewahi kupotea wakawauliza walipita wapi.

Tuje darasani. Mtoto ameandika 52 − 27 = 35. Anayeijua hisabati anaona kosa papo hapo, anaweka alama nyekundu ya kosa, kisha anaandika 25 pembeni. Aliyefundishwa ualimu wa jumla atamwambia kwa upole ajaribu tena. Atajaribu, na atapata 35 tena, kwa sababu mtoto huyu hakubahatisha. Alitoa 2 kwenye 7 akapata 5, akatoa 2 kwenye 5 akapata 3. Anafuata kanuni aliyopewa alipoanza shule: "Toa ndogo kwenye kubwa." Kwa 9 − 4 kanuni hiyo haikumwangusha hata mara moja. Sasa imemwangusha na hajui ni lini imeacha kufanya kazi.

Mwalimu mwenye ujuzi wa tatu anaisoma ile 35 kama daktari anavyosoma majibu ya maabara. Anachukua vijiti, anafunga mafungu matano ya kumi kumi kwa mipira, anaacha viwili vya mojamoja, halafu anamwambia mtoto: nipe vijiti 27. Mtoto anatoa mafungu mawili. Anatafuta vijiti saba vya mojamoja, anaviona viwili tu. Hapo anatazama mafungu yaliyobaki, na bila kuambiwa anafungua moja. Kule kufungua fungu ndiko "kukopa". Baada ya hapo tu ndipo mnarudi kwenye daftari na kuandika kile mikono ilichokwisha kufanya. Kazi nzima haizidi dakika kumi, vijiti ni vya bure, na kinachokosekana mara nyingi ni mtu aliyewahi kuonyeshwa namna ya kuisoma ile 35.

Ujuzi wa tatu unapotelea chuoni

Shahada ya kawaida ya ualimu hapa Tanzania ni ya miaka 3. Mwanafunzi anabeba masomo mawili atakayofundisha na juu yake kozi za elimu. Fizikia anaisomea kwa wanafizikia, ambao humfundisha fizikia kama mtu atakayekuwa mwanafizikia. Saikolojia, falsafa, tathmini na mbinu za kufundishia anazisoma idara ya elimu. Mwanafizikia anaamini mambo ya kufundisha yatashughulikiwa na watu wa elimu. Watu wa elimu wanaamini fizikia imeshafundishwa kule. Swali la kwa nini kijana wa kidato cha pili anadhani jiwe zito hudondoka haraka kuliko jepesi, na afanyiwe nini, linabaki katikati bila mwenyewe.

Halafu kuna suala la idadi. Kozi ya mbinu inaweza kuwa na mamia ya wanafunzi katika ukumbi mmoja. Mhadhiri anasimama mbele na kipaza sauti, anatoa mhadhara wa saa mbili kuhusu ufundishaji shirikishi, na wanafunzi wananakili. Wengine wala hawanakili, wanasubiri madesa, yale maandishi yanayorithishwa mwaka hadi mwaka na kutolewa kopi stesheneri. Mwisho wa muhula swali linakuja: "Fafanua faida tano za njia ya majadiliano." Mwenye madesa anaandika faida tano zikiwa na maelezo na mifano, anapata A. Hajawahi kuongoza majadiliano hata ya dakika tano. Hakuna aliyedanganya hapo. Chuo kimepima kilichofundishwa, ambacho ni maneno yanayohusu majadiliano.

Nadhani hapa ndipo penye kidonda. Mwaka 1975 mwanasosholojia wa Marekani, Dan Lortie, alionyesha kwamba ualimu ni kazi ya pekee kwa jambo moja: anayeingia chuo cha ualimu ameshaitazama kazi hiyo kwa miaka mingi akiwa mwanafunzi. Tupige hesabu yetu. Kwa mfumo wa 7-4-2 uliowalea wahitimu wa sasa, mtu amekaa darasani miaka 13. Mwaka wa shule una siku 194 za masomo. Weka saa 5 tu kwa siku: ni zaidi ya saa 12,000 za kumtazama mwalimu akiandika ubaoni, akieleza, akiuliza "Tumeelewana?" na darasa likijibu "Ndiyooo". Juu ya hizo ongeza miaka 3 ya mihadhara.

Upande wa pili wa mizani weka BTP. Tuseme ni wiki 8, vipindi 3 kwa siku, kila kimoja dakika 40. Ni vipindi 120, yaani saa 80. Saa 12,000 za mazoea dhidi ya saa 80 za kujaribu kitu kipya. Mwalimu mpya anapozidiwa Jumatatu asubuhi na darasa la watoto 90 wenye kelele, kitakachomjia mdomoni ni kile cha saa 12,000. Anakiita uzoefu, ingawa hajaanza kazi.

Kwa sababu hiyo mabadiliko ya mtaala huchelewa kufika darasani. Mwaka 2005 Tanzania ilianza kutumia sekondari mtaala unaojali umahiri, yaani mwanafunzi aweze kufanya jambo, asiishie kulikariri. Mtaala ukaboreshwa tena na ule mpya ukaanza kutumika Januari 2024. Kenya nayo ilipita njia hiyohiyo na CBC, mtaala wake wa umahiri, na wazazi kule wakalumbana sana. Lakini mtaala ni karatasi. Anayeutekeleza ni mtu ambaye hajawahi kufundishwa kwa njia ile anayotakiwa kufundishia.

Historia nayo inachangia. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 na UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote, vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu vijijini huku tayari wakifundisha. Wakati wa MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza 2002, mafunzo ya Daraja A, yaani ya cheti cha walimu wa shule za msingi, yakawa mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja shuleni. Shule za kata zilipoota kila mahali, wahitimu wa kidato cha sita walipewa kozi ya wiki chache na kuingia darasani. Mtaani wakaitwa vodafasta, kwa kejeli ya uharaka huo, jina lililowaumiza bila kosa lao. Chang'ombe na Mkwawa zikafanywa vyuo vikuu vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2005 ili kuongeza walimu. Kila mara watoto walikuwa wameshafika mlangoni, na kuwarudisha nyumbani kungekuwa kosa kubwa zaidi. Ila tukubali kwamba deni la haraka ile halijalipwa.

Siku mkufunzi anapokuja kukagua BTP

Chukua mfano wa mkufunzi mwenye wanafunzi 30 waliotawanyika wilaya mbili, ambaye anapaswa kumtembelea kila mmoja mara 2 ndani ya wiki 3. Ni ziara 60 kwa siku 15 za kazi, yaani ziara 4 kwa siku, barabara ya vumbi ikiwemo. Anafika kipindi kimeanza, anakaa nyuma, anajaza fomu: mavazi, sauti, matumizi ya ubao, zana, andalio la somo. Anaondoka kabla ya kengele kwa sababu shule inayofuata iko kilomita 20 mbele. Maoni yanatolewa mlangoni, pengine kwenye bonet ya gari: "Umejitahidi, ongeza zana, sauti ipande."

Mwanafunzi naye amejiandaa kwa siku hiyo. Mada aliifundisha juzi, leo anairudia ili watoto wanyooshe mikono kwa wingi. Andalio lake lina hatua zote, utangulizi, maarifa mapya, uimarishaji, tafakuri na hitimisho, zikiwa na dakika zake. Kwenye fomu anapata alama nzuri. Alichojifunza ni namna ya kufundisha akiwa anakaguliwa.

Siku nyingine zote yuko peke yake. Shule yenye upungufu wa walimu inampokea kama mvua baada ya kiangazi: anakabidhiwa vipindi vyote vya fizikia na kemia, na mwalimu mwenyeji, ambaye alikuwa anabeba mzigo wa watu watatu, anapata nafasi ya kupumua. Huwezi kumlaumu. Lakini huyo mwenyeji ndiye pekee anayeweza kukaa nyuma ya darasa mara kwa mara, na hakuna aliyemwelekeza aangalie nini wala aliyempunguzia vipindi ili aangalie.

Maoni yanayomsaidia anayejifunza kazi huwa ya jambo moja, dogo, linaloonekana, litakalojaribiwa kesho. Mfano mzuri ni muda wa kusubiri jibu. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, aligundua tangu miaka ya 1970 kwamba walimu huuliza swali na kusubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kujibu wenyewe au kumtaja mwingine. Wakisubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi hurefuka na wanaojibu huongezeka. Kwa hiyo mwenyeji anaweza kumwambia mwanafunzi wa BTP: kesho, kila ukiuliza, hesabu moja, mbili, tatu kimoyomoyo kabla ya kumtaja mtu. Nitakuwa nyuma nahesabu pamoja nawe. Wiki hii hilo tu. Wiki ijayo tunaacha lile swali la "Tumeelewana?", tunawaandikisha wote jibu moja kwenye daftari, unapita madawati kumi na kusoma.

Na kuna lile zoea la kuachia silabi: "Mmea unahitaji maji na mwa…?" Darasa zima: "…nga!" Linasikika kama ushiriki, na mkaguzi aliye na haraka ataandika kwamba wanafunzi wameshiriki vizuri. Mtoto aliyekuwa anawaza mpira naye amesema "nga".

Mambo matatu yanayosemwa sana

"Ushirikishwaji ni vikundi." Hapana. Darasa la watoto 80 ukiligawa makundi 8 ya watu kumi kumi, dakika 10 zinaishia kwenye kuburuta madawati, na katika kila kundi wawili wanaandika huku wanane wakitazama. Kwa idadi hiyo, wawili wa dawati moja wanatosha. Uliza swali ambalo watu wanaweza kulibishania, kila mmoja aandike jibu lake kimya dakika 1, wageukiane dakika 2, kisha taja majina bila kungoja mikono. Hakuna dawati lililosogea.

"Tukipata projekta na vishikwambi, ufundishaji utapanda." Vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 viligawiwa walimu, na ni jambo jema, maana kitabu na video vimepatikana pale ambapo havikuwepo. Lakini kifaa huongeza kasi ya kile ambacho mtu alikuwa anakifanya. Mhadhiri aliyekuwa anasoma notisi sasa anasoma slaidi 70 kwa saa moja, na wanafunzi wanazipiga picha kwa simu.

"Walimu wa siku hizi hawana wito." Hili linaniudhi kidogo, kwa sababu linafunga mjadala. Mtu mwenye wito mkubwa, asiyejua kwa nini mtoto ameandika 35, atakaa na huyo mtoto hadi jioni akimrudishia maelezo yaleyale kwa sauti ya juu zaidi.

Lugha ni jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Kuanzia kidato cha kwanza hadi chuo kikuu lugha rasmi ya kufundishia ni Kiingereza. Majadiliano yana tabia ya kuleta sentensi ambazo hukuzitarajia, na mwalimu ambaye Kiingereza chake kinatosha kusoma notisi ila hakitoshi kujibu swali la ghafla atayakwepa. Ataandika ubao mzima, atawaambia wanakili, na kipindi kitaisha salama. Ukimtazama kwa mbali utasema ni mvivu wa mbinu. Ukikaa karibu utaona anajilinda. Kumpeleka semina nyingine ya mbinu shirikishi hakutamgusa. Anachohitaji ni mazoezi ya kuuliza na kujibu kwa lugha hiyo, maswali ya mada zake, kwa sauti, mbele ya wenzake.

Na anayemfundisha mwalimu je?

Mwalimu wa darasa la kwanza anatakiwa awe amesomea ualimu. Mhadhiri halazimiki. Anayebaki chuoni ni yule mwenye GPA kubwa. Anasoma shahada ya uzamili, kisha ya uzamivu, akiwa gwiji wa somo lake, na siku moja anakabidhiwa ukumbi wa watu 400. Kupanda kutoka mhadhiri hadi mhadhiri mwandamizi, na kuendelea hadi profesa, kunategemea zaidi machapisho. Saa anayoitumia kuboresha kipindi haina uzito kama huo. Kwa hiyo mhadhiri anayefundisha vizuri anafanya hivyo kwa moyo wake, na wapo wengi. Ila chuo hakiwezi kuendeshwa kwa kutegemea mioyo ya watu.

Tathmini ya wahadhiri inayojazwa na wanafunzi ipo, tatizo lake ni wakati. Fomu zinakuja wiki ya mwisho, kozi imekwisha. Zikija wiki ya 4, mhadhiri ana wiki nyingi za kurekebisha na wanafunzi walewale watafaidika. Njia nyepesi zaidi ni karatasi ya dakika moja: kipindi kikikaribia kuisha, kila mwanafunzi aandike bila jina jambo moja ambalo halijamkaa. Ukiwa na karatasi 400 usizisome zote. Chomoa 30, utakuta zinarudia mambo mawili au matatu. Anza nayo kipindi kijacho. Wanafunzi wa ualimu waliofanyiwa hivi muhula mzima hawatahitaji mhadhara wa kuwaambia tathmini endelevu ni nini, maana watakuwa wameionja.

Shuleni, mpango wa MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, umejengwa juu ya wazo sahihi: walimu wa shule moja wakutane mara kwa mara katika jumuiya zao za ujifunzaji na kusaidiana. Kinachoua mikutano hii ni kufanyika bila kitu mezani. Wakikaa na moduli tu, mmoja anasoma, wengine wanasaini mahudhurio. Wakija na madaftari matano ya wanafunzi yenye kosa linalofanana, saa moja haiwatoshi.

Turudi kwenye usaili ulioanzisha mabishano. Karatasi ya maswali inaweza kupima kama mtu analijua somo, na inaweza kupima kama anakumbuka hatua za andalio. Ujuzi wa tatu haitaugusa, isipokuwa imletee msailiwa daftari la mtoto. Mwekee hivi: mwanafunzi ameandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Amewaza nini, na utampa swali gani linalofuata?

Aliyewahi kufundishwa vizuri atasema kwamba mtoto amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, na hatakimbilia kumpa kanuni. Atamwambia afanye 1/2 + 1/2 kwa njia hiyohiyo aliyoitumia. Mtoto atapata 2/4, atarahisisha, itarudi 1/2. Halafu mwalimu atauliza taratibu: nusu mkate, ukiongeza nusu mkate, unapata nusu mkate? Na atahesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu, huku mtoto akilitazama daftari lake.